Hatukukimbia, Tulipisha Maji

Zuhura mwanangu,

Mkono huu ni wa Adela wa hapa jirani, yule binti wa katekista, lakini mdomo ni wangu. Ukiona mahali pamesemwa vizuri mno, ujue Adela ametia ujuzi wake. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitengeneze. Sasa hivi anacheka. Andika na hilo, Adela, andika kwamba unacheka.

Wewe uko mjini unaaga watu na kufuatilia tiketi ya treni. Mimi nimekaa nyuma ya jiko, jua limelegea, dagaa wako juani mbele yangu na kazi yangu ni kufukuza kunguru. Kwa hiyo nikikata maneno katikati nikapiga kelele, si wewe ninayekupigia.

Sitakuambia mambo ya kula na kuvaa. Dada zako wamekuambia, na shangazi yako wa Ujiji amekueleza mpaka choo cha ndege kinavyotumika, yeye ambaye hata kwenye meli ya hapa hajapanda. Hayo unayo ya kutosha. Mimi ninalo moja tu, na nisipolisema leo litanikaba.

Wiki iliyopita ulikuja hapa na mwalimu wako, yule mpole mwenye miwani, mnapita nyumba kwa nyumba mkiuliza habari za dhoruba na maji ya ziwa. Mlipofika kwangu ukaniuliza mbele yake, "Mama, mwaka wa mvua kubwa, ziwa lilipopanda, mlikimbilia wapi?" Nikainuka, nikachukua ndoo, nikaenda kuteka maji, na maji yalikuwamo ndani tele. Nikakaa huko huko mpaka mkaondoka. Najua ulitahayari. Tangu siku ile unaniamkia vizuri, shikamoo mama, unanipakulia chakula, lakini usoni hunitazami. Umeona mama yako amekataa kukusaidia mbele ya mwalimu wako, na wewe unakwenda nchi ya watu kusomea pepo na mawimbi kwa mkono wake huyo huyo.

Sasa kaa nikueleze kilichoniinua.

Mwaka ule wewe ulikuwa Ujiji kwa shangazi yako, unasoma. Uliambiwa tu kwamba wazazi wako walichukuliwa na malori wakarudi, na watu wakacheka, nasi tukacheka, yakaisha. Hayakuisha. Ni mwaka ule ambao vita ya ng'ambo ilikuwa imechacha, watu wanavuka ziwa kila kukicha. Wanashuka kwenye mitumbwi na magodoro yaliyolowa, na mbuzi, kuna mmoja nilimwona na cherehani kichwani na hana kiatu. Wengine walishukia hapa hapa kwetu Mchangani, tunawapa uji, halafu malori ya serikali yanakuja kuwachukua kuwapeleka kambini. Ndiyo yalikuwa maisha. Ukilisikia lori linanguruma kule juu unajua limefuata wakimbizi.

Halafu zikaja zile mvua ambazo redio iliziita Elinino. Mimi mvua nimeziona, lakini zile zilikuwa na kisirani. Mto Malagarasi ukatapika mpaka kule Ilagala wakawa wanapita kwa mtumbwi kwenye mashamba ya muhogo. Ziwa likawa linapanda taratibu, kama mtu anayepanda kitandani hataki kumwamsha mwenzake. Tunaweka kijiti, kesho kijiti hakionekani. Jioni moja upepo ukageuka, ukatoka kusini, mawimbi yakaanza kugonga ukuta wa jiko.

Sasa hapa ndipo ninapotaka ufungue masikio. Mama yangu mimi, bibi yako usiyemjua, hakuruhusu mtu kusema "tukimbie" ziwa likipanda. Ungesema hivyo angekuchapa mdomo. Alisema "tupishe." Kama unavyompisha mtu mzima njiani, unasogea kando, anapita, na wewe unaendelea na safari yako. Hufungi mlango. Unafungua wa mbele na wa nyuma, maji yaingie yatoke, maana ukiyafungia nje yanavunja ukuta. Unachukua moto, unachukua chungu, unakwenda juu. Yakishapita unarudi, unafagia matope, unapika. Ndivyo tulivyolelewa sote wa mwambao huu, Waha kwa Wamanyema, wa msikitini kwa wa kanisani. Mlango wazi kwetu maana yake mwenyewe anarudi.

Basi tukapisha. Tukapanda shuleni kule kilimani, kitongoji kizima, tukalala madarasani. Asubuhi tumekaa kwenye veranda tumelowa, watoto wanatetemeka, yakaja malori. Akashuka bwana mmoja mwenye kofia, amechoka, macho mekundu, nadhani hakuwa amelala siku nyingi. Akasimama mbele yetu akauliza, "Mmekimbia?"

Unamjua mama yako. Penye watu mia, wa kujibu ni mimi. Mwalimu mkuu yupo, mwenyekiti yupo, baba yako yupo, nani alifungua mdomo? Mimi. Nilikuwa na baridi, sikuwa na nguvu ya kuanza kumfundisha mtu wa kofia maneno ya mama yangu. Nikasema, "Ndiyo, baba, tumekimbia."

Angeuliza tumekimbia nini, tungemaliza pale pale. Hakuuliza. Mwaka ule hakuna aliyemuuliza mtu amekimbia nini. Akasema, "Haya, pandeni." Tukapanda, Zuhura. Kwa furaha! Tulidhani serikali imetukumbuka, tunapelekwa mjini kupewa mablanketi. Mimi nilipanda wa kwanza nikavuta na wenzangu mkono. Mwenyekiti na mwalimu mkuu walibaki nyuma kungoja malori yarudi, yakawa hayakurudi, wakadhani tumepelekwa mjini, hiyo ndiyo bahati yao. Tukaimba. Tumefika Kidahwe lori halijakata kwenda mjini, linanyoosha barabara ya Kasulu, ndipo baba yako akaniinamia sikioni, kwa ile sauti yake ya msikitini, akasema, "Mama Zuhura, hebu jaribu kukumbuka, ulimwambia nini yule bwana?"

Adela anataka kujua kama nilijibu. Sikujibu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Kambini tukapewa turubai, unga wa njano na maharage. Nikaenda getini kusema sisi si wakimbizi, ni wenyeji. Kijana wa getini akanisikiliza, akasema, "Mama, kila mtu hapa anasema hivyo." Nikamsemesha Kiha, nikidhani nitamshika. Ndiyo nikaharibu zaidi, maana yeye alikuwa mtu wa mbali huko, Kiha na Kirundi kwake ni kitu kimoja. Akasema, "Si unaona?" Akaniuliza, haya, balozi wenu wa nyumba kumi ni nani. Nikasema balozi ni mume wangu, yule pale. Baba yako amesimama kwa nyuma na blanketi la msaada mabegani, mguu mmoja una ndala, mwingine hauna. Kijana akamtazama juu mpaka chini.

"Balozi wa nchi gani, mama?"

Geti zima likaanguka kicheko. Baba yako mpaka leo ukitaka akuondokee, mwite mheshimiwa balozi.

Nilicheka na mimi baadaye. Siku ile sikucheka. Nilirudi kwenye turubai nikakaa, nikasema basi, kama ndivyo ilivyoandikwa na iwe. Chakula kipo, mvua haiingii. Nilitaka kuzoea, mwanangu. Hilo sijawahi kulisema kwa mtu. Jirani yangu wa turubai alikuwa mama mmoja wa ng'ambo, mvuvi wa dagaa kama mimi, ana watoto watatu, mumewe hakuvuka. Ndiye huyu Mama Furaha unayemjua. Nikaanza kumlalamikia: maji yamechukua jiko langu, mlango nimeuacha wazi, nimekimbia, sasa na mimi ni mkimbizi kama wewe, tufanyeje. Alikuwa anachambua maharage. Akaacha.

"Dada, usijiite hivyo. Mimi nyuma yangu nyumba iliwaka na watu wamo. Hilo neno sisi tumelilipia. Wewe nyumba yako ina maji tu, na mlango uliacha wazi. Nenda nyumbani."

Akaendelea na maharage yake.

Kumbe ndivyo. Kuna anayekimbia kwa kuwa nyuma hakuna tena kitu, huyo mpokee, mpe uji, usimuulize maswali. Na kuna anayesogea ili maji yapite. Ukiwaita wote jina moja, umemwibia yule wa kwanza machozi yake, na wa pili umemnyang'anya nyumba. Mimi shule sikuiona, lakini hilo nililipata pale, kwenye maharage.

Tulitoka vipi? Hee, hiyo nayo. Nilianza kukaa getini kila siku, nasema, nasema, mpaka wale vijana wakawa wanabadilishana zamu kwa ajili yangu. Siku moja likaingia lori la unga, dereva mtu wa Ujiji. Akanitazama. Akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Huyu mkimbizi? Huyu anauza dagaa soko la Ujiji, kopo lake la kupimia amelibonyeza kitako, ananiibia kila Jumamosi!" Sikukana. Nikasema, "Ndiye mimi." Kwa mara ya kwanza lile kopo likanifaa kwa halali. Tukapandishwa lori lile lile, kitongoji kizima, na dereva akanisema njia nzima.

Tukarudi. Na hapa sina mzaha.

Matete yote yalikuwa yamekatwa. Unaukumbuka ule ukuta wa matete mbele ya nyumba, ulipokuwa mdogo ukijificha humo usifue? Hakuna. Yalikatwa kujengea vibanda vya kupokelea watu, yakakatwa ya vitanda na ya uzio, na nisiseme wageni peke yao, watu wetu wenyewe wa juu walikata wakauza. Nani angewazuia? Milango iko wazi, watu hawapo, kila mtu alisema Mchangani wamekimbia. Na matete yakishaondoka hakuna wa kulivunja wimbi. Linakuja zima zima. Ule mchanga tulioanikia dagaa ulikwenda. Michikichi ya baba yako minne ililala majini na vichwa vyake. Na kwenye ukuta wa nyumba, uliobaki umesimama kwa sababu ya milango ya mama yangu, mtu amepiga alama nyekundu, X kubwa kama mtu aliyelala chali. Tukaambiwa eneo hili ni la hatari, watu walishalikimbia, litabaki wazi, sisi tutatafutiwa mahali huko juu njia ya Kalinzi. Mahali pazuri, wakasema, kuna kahawa. Mimi na kahawa wapi na wapi? Nimvue nani kwenye kahawa?

Nilikanda udongo nikaikandika ile X. Ikatokeza. Nikaikandika tena. Wakaja wakapiga nyingine, nikaikandika nayo, mpaka wakachoka wao. Upande ule wa ukuta ndio mnene kuliko pande zote za nyumba yetu, ukipita gusa uone.

Halafu tukaenda wanawake na mtumbwi mpaka mdomoni mwa Malagarasi, tukang'oa matete na mizizi yake, tukaja kupanda. Yakafa. Yote. Tukapanda tena, wimbi likang'oa usiku mmoja. Nikasema ziwa limetushinda, nikalitukana mpaka Adela akaziba masikio, na alikuwa bado mtoto. Ndipo akapita bwana mmoja wa idara ya misitu, akatuambia mmea mchanga hauwezi kupigana na wimbi peke yake, kwanza mlipunguze nguvu huko mbele. Pigeni nguzo, wekeni viroba vya mchanga, pandeni nyuma yake. Alisema kweli. Sikuwa ninajua hilo, wala mama yangu hakulijua, enzi zake matete yalikuwa yamejiotea. Viroba tukavipata wapi? Mama Furaha. Alikwisha kupata ruhusa ya kuja huku kuvua, akaja na magunia matupu ya unga wa msaada kutoka kambini, mzigo mkubwa kuliko yeye. Ukiyatazama ziwa likiwa limetulia bado unaona maandishi yake chini ya maji. Yale matete unayoyaona leo, yale uliyopiga picha na mwalimu wako, yameota nyuma ya unga wa njano.

Adela anasema nimezidi, karatasi zinakwisha. Akalete nyingine.

Mwanangu, mwalimu wako si mtu mbaya. Siku mliyofika, kabla ya maswali yenu, alikaa hapa akala ugali, akanieleza kwamba ziwa litapanda tena, na kwamba huko unakokwenda upepo unang'oa mabati ya mji mzima na wanaupa jina la mtu, eti kuna kimbunga kinaitwa kama shangazi wa mtu. Nikamwambia sisi shangazi wa namna hiyo tunao bila upepo. Lakini nilisikia pia alichomwambia mwenyekiti wakiwa wamenipa mgongo. Kwamba dawa ya ufuko huu ni kuupumzisha. Watu wapande juu, matete yaachwe yarudi yenyewe. Na kwamba kazi yako wewe, haya majibu unayokusanya, ndiyo yatakayoonyesha kama watu wenyewe wako tayari kuhama. Walishakimbia mara moja, alisema, watakubali.

Halafu ukaja wewe, damu yangu, ukaniuliza nilikimbilia wapi.

Nilishajibu swali hilo vibaya mara moja, Zuhura, mbele ya kitongoji kizima. Nikaona nikifungua mdomo tena, na wewe umeshika kalamu, watu wote hawa watapakiwa lori la pili, na hilo halina dereva wa Ujiji. Ndiyo maana nikachukua ndoo. Sikukukataa wewe. Nililikataa lile neno.

Mimi sikuombi useme uongo. Kasome. Soma mpaka uote mvi. Ukipima ukaona maji yatafika kwenye kizingiti changu, njoo uniambie kwa mdomo wako, tutasogea. Jiko nimeshalisogeza mara mbili, nitalisogeza ya tatu, na nyumba yenyewe ikibidi. Sijashikamana na udongo kama kupe. Lakini kusogea ni kwetu, tunasogea tukiwa tunaliona ziwa, kwa sababu ufuko usiokuwa na watu huu hautapumzika. Utakatwa. Mimi nimeshauona ukiwa hauna watu. Ilitosha muda ule mfupi tuliokuwa kambini. Hayo matete hayakurudi yenyewe, tuliyarudisha, na tukiondoka yataondoka. Hilo kaliandike, na kama mwalimu wako hapendi, mwambie mama amesema. Si kwa ukali. Kwa heshima, lakini mwambie mara mbili.

Na utakapokuwa huko, utakutana na watu ambao dhoruba imewatoa makwao. Kabla hujaandika, muulize kila mmoja alikimbia au alipisha. Kwa lugha yao sijui wanasemaje, utalitafuta. Subiri ajibu. Kama amechoka na ana baridi, mpe kwanza kitu cha moto, mwache, kesho umuulize tena. Mtu mwenye baridi anakubali kila unachomwambia, nakuambia mimi niliyekubali.

Kesho sitakuja stesheni. Baba yako atakusindikiza, amefua kanzu. Mimi upande wa mbele ya msikiti viroba vimeoza na ufuko umeanza kumeguka, na mvua ziko karibu. Wanawake wameshakubaliana tunaingia asubuhi na mapema, na Mama Furaha amekwisha kwenda kuleta mizizi. Usinililie, na mimi sitakulilia, nitakuwa na kazi.

Siku utakapokaa darasani huko, mtu akachora ziwa letu ubaoni, akavuta mstari akasema hapa watu hawawezi kukaa, wewe nyoosha mkono. Mwambie mama yako anakaa hapo. Na kwamba wakati yeye anauvuta huo mstari, mama yako yuko majini mpaka magotini, anapanda.

Mimi mama yako,
wa hapa hapa.